Mkanda Usichukue Nafasi ya Uwanja

Yapo maswali ambayo huulizwa kwa mzaha, kumbe ndani yake mna jambo zito. Mojawapo ni hili linalobishaniwa siku hizi barazani na maofisini: je, mtu anayekimbia ndani ya nyumba juu ya mashine, mkanda ukipita chini ya miguu yake na mwenyewe asisogee hata hatua moja, naye amekimbia? Wenye kumbi za mazoezi husema kwamba amekimbia, tena kwa usalama kuliko aliyeko barabarani. Wale wa mchakamchaka wa alfajiri hucheka, wakasema kwamba mtu aliyetoka jasho saa nzima asifike hata dukani hakukimbia, amecheza ngoma tu. Sisi twaona kwamba kila upande una neno la kweli. Lakini pande zote mbili zimeliacha neno lililo kubwa kuliko yote, nalo ndilo tunalotaka kulieleza leo.

Kwanza tuitendee mashine haki yake, maana si desturi yetu kukilaani chombo kwa sababu tu kimetoka ng'ambo au kwa sababu ni wachache walio nacho.

Mtu anayekimbia juu ya mkanda uendao kwa kasi isiyobadilika hafanyi kazi pungufu ya yule wa nje, isipokuwa kwa jambo moja: hapambani na hewa. Aliye nje huisukuma hewa kwa kifua chake, na kadiri azidishavyo mbio ndivyo hewa izidivyo kumzuia. Mwaka 1996 wataalamu wawili wa Uingereza, Andrew Jones na Jonathan Doust, walipima pumzi za wakimbiaji wa mashine na wa barabarani. Waliona kwamba mashine ikiinuliwa kwa 1%, yaani sentimita 1 kwa kila mita 1, upungufu huo hufidiwa kwa mkimbiaji mwenye kasi ya kati ya kilomita 10 na 18 kwa saa. Kwa mtu mzima anayekwenda polepole ili apunguze tumbo, tofauti ya hewa ni ndogo kiasi cha kutohesabika. Basi anayedai kwamba moyo haufanyi kazi juu ya mashine anasema asilolijua. Moyo hauna macho. Haujui kama miguu inapita mbele ya mashamba ya mahindi au mbele ya ukuta mweupe.

Wala mashine hii haikuletwa kwa ajili ya anasa peke yake. Katika miaka ya 1950 Daktari Robert Bruce wa Chuo Kikuu cha Washington, katika mji wa Seattle nchini Marekani, akishirikiana na fundi Wayne Quinton, aliitumia kupimia mioyo ya wagonjwa. Kabla ya hapo daktari alimlaza mgonjwa kitandani, akasikiliza moyo uliopumzika, na mara nyingi ugonjwa ulijificha. Bruce alimsimamisha mgonjwa juu ya mkanda, akamfunga nyaya kifuani, na kila baada ya dakika tatu akauongeza mkanda kasi na mwinuko, huku akitazama mistari ya moyo ikichorwa. Kipimo hicho, alichokieleza mwaka 1963, kingali kikitumika hospitalini duniani hadi leo na kinaitwa kwa jina lake. Ni watu wasiohesabika waliogunduliwa maradhi kabla hayajawaangusha. Mashine iliyofanya kazi hiyo hatuwezi kuitukana.

Tena kuna mahali ambapo pasipo mashine hapana mbio. Mwezi Aprili 2007 mwanaanga wa Marekani, Bibi Sunita Williams, alikimbia marathoni ya Boston akiwa katika kituo cha anga za juu, amefungwa kwa kamba za kumvuta chini asielee, na alimaliza kwa saa 4 na dakika 24. Huko juu, mwili usipobebeshwa uzito wake, mifupa na misuli hulegea upesi; kwa hiyo mkanda kwao ni dawa. Na hapa hapa duniani, mwaka 2000, daktari mmoja wa Alaska, Bibi Christine Clark, ambaye kwa sababu ya theluji na barafu alifanya sehemu kubwa ya mazoezi yake ndani ya nyumba juu ya mashine, alikwenda Columbia, South Carolina, akashinda marathoni ya kuchagua mwakilishi wa Marekani katika Olimpiki. Watu wa baridi kali wanayo sababu. Sisi wa Tandika, wa Kirumba na wa Ngarenaro theluji yetu iko mlimani, haijapata kumfungia mtu mlango.

Hata hivyo yafaa wananchi waijue asili ya chombo hiki, maana asili yake ni ya kustaajabisha. Mwanzoni hakikuwa chombo cha afya hata kidogo. Kilikuwa adhabu. Mwaka 1818 mhandisi Mwingereza aitwaye William Cubitt alibuni gurudumu kubwa lenye vipandio, ambalo wafungwa walilikanyaga kwa saa nyingi kila siku, kana kwamba wanapanda ngazi isiyo na mwisho. Mwaka 1821 likawekwa katika gereza la Brixton, London, na kutoka hapo likaenea. Mahali pengine gurudumu hilo lilisaga nafaka au kuvuta maji. Penginepo halikusaga kitu, lilizungusha upepo mtupu, na watawala hawakuona haya, maana shabaha ilikuwa ni kumchosha mtu. Mwandishi Oscar Wilde alipofungwa mwaka 1895 aliionja kazi hiyo. Waingereza wenyewe waliiondoa katika magereza yao kwa sheria ya mwaka 1898.

Na wenzetu weusi wa Jamaica waliionja zaidi. Utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1834, waliokuwa watumwa walilazimishwa kuendelea kuwafanyia kazi mabwana wale wale kwa jina jipya la uanagenzi, na aliyekataa, mwanamume kwa mwanamke, alipelekwa kufungwa mikono juu ya gurudumu hilo na kukanyaga, huku kiboko kikimhimiza. Hatusemi kwamba anayekwenda kwenye ukumbi wa mazoezi leo ni mfungwa. Yeye analipa kwa hiari yake, na akichoka anabonyeza kitufe. Twasema tu kwamba chombo hiki tangu siku yake ya kwanza kimekuwa na sifa moja: humtaabisha mtu pasipo kumpeleka popote na pasipo kuhitaji ardhi. Mashine ya nyumbani tunayoiona leo ilitokana na kazi ya mhandisi William Staub wa New Jersey, aliyekisoma kitabu cha Daktari Kenneth Cooper cha mwaka 1968 juu ya mazoezi ya moyo na pumzi, akaona kwamba watu wengi wa mijini wangependa kuufuata ushauri wa daktari bila kutoka nje. Aliona sawasawa. Mashine zilienea duniani kote, ingawa majumbani si chache zilizokwisha kugeuka kuwa vianikio vya nguo.

Sasa tuitazame ardhi nayo inatoa nini.

Ardhi hailingani. Ina kokoto, mchanga, matope, mzizi wa mwembe na shimo lililoachwa na mvua. Kwa hiyo kila hatua ya mkimbiaji wa nje ni tofauti kidogo na iliyotangulia, na kifundo cha mguu, goti na nyonga hujifunza kujirekebisha bila kuambiwa. Mkanda hurudia hatua ile ile mara elfu kadhaa. Ardhi ina kona, ambazo mashine haina. Tena ardhi huteremka. Mashine nyingi hupanda tu, hazishuki. Na kushuka ndiko kunakoyapiga mapaja, kwa sababu misuli hufanya kazi ya kuuzuia mwili usianguke huku ikinyooshwa. Aliyejizoeza kupanda tu hukutwa na msiba siku ya mashindano. Wanaoijua njia ya Boston husema kwamba si vilima peke yake vinavyowamaliza watu, bali ni mteremko uliowapiga mapaja kabla ya kuvifikia. Ndugu Juma Ikangaa, afisa wa jeshi letu, aliikimbia njia hiyo akawa wa pili miaka mitatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990. Na ule wa kwanza alishindwa na Ibrahim Hussein wa Kenya kwa sekunde moja tu. Mwaka 1989 huo huo alikwenda New York akashinda kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, yaani 2:08:01. Mapaja ya namna hiyo hayakupatikana chumbani.

Lipo na jambo la joto. Watu hudhani kwamba ndani ni nafuu. Kwa kweli anayekimbia nje hujitengenezea upepo wake mwenyewe, na upepo huo hulikausha jasho na kuupoza mwili. Anayekimbia mahali pamoja hana upepo; jasho humtiririka bure, asipowashiwa feni au kipoza hewa. Ndiyo kusema kwamba mashine ina kula umeme mara mbili: wa kuuvuta mkanda na wa kumpoza aliye juu yake. Dar es Salaam mwezi wa Februari jambo hili si dogo. Aliyeamka saa kumi na moja alfajiri amekwisha kulimaliza zoezi lake kabla jua halijakaza, na hakulipa senti.

Tuwataje na mashujaa wetu, kwa kuwa vijana wengi wanawajua Waingereza wachezao mpira kuliko wanavyowajua hawa. Ndugu John Stephen Akhwari wa Mbulu alianguka na kuumia goti katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, akafungwa bandeji, akaendelea, akaingia uwanjani zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, giza likiwa limekwisha kuingia. Ndugu Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, alisimama Christchurch, New Zealand, tarehe 2 Februari 1974, akaongoza mbio za mita 1500 tangu hatua za mwanzo hadi mwisho, akavunja rekodi ya dunia kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Ndugu Gidamis Shahanga alitwaa dhahabu ya marathoni katika michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edmonton mwaka 1978. Mwaka 1980 huko Moscow ndugu Bayi na ndugu Suleiman Nyambui walileta medali mbili za fedha. Na tarehe 15 Septemba 2025, huko Tokyo, ndugu Alphonce Simbu wa Singida alimpita Mjerumani Amanal Petros katika hatua ya mwisho kabisa, wote wawili wakiandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, tofauti yao ikiwa sehemu tatu za mia za sekunde, zisizofikia hata kufumba jicho: 0.03. Hiyo ndiyo dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha.

Hatutasema kwamba bingwa hagusi mashine. Mabingwa wa leo, hata wa nchi jirani, huitumia pale inapowafaa. Tunasema kwamba hakuna hata mmoja katika hawa aliyeanza nayo. Walianza kwa njia ya udongo, kwa kwenda shuleni, na kwa mchakamchaka. Mchakamchaka ule wa asubuhi, mstari mrefu wa watoto wakiimba na vumbi likipanda, ulikuwa ndio mashine yetu ya taifa. Haukuhitaji fundi wala vipuri. Ulihitaji kiwanja na njia.

Hapa ndipo tunapofika kwenye neno tulilolianza. Ikiwa moyo haujui tofauti, na ardhi inampa mtu zaidi tena bure, kwa nini basi watu wa mijini waikimbie ardhi na kulipia mkanda? Wengine watasema ni fahari. Fahari ipo, na picha za kujionyesha zipo, lakini hiyo si sababu kubwa. Tumewauliza wengi tunaofahamiana nao, na majibu yao yatupasa tuyasikilize kwa makini, kwa kuwa hayaihusu mashine hata kidogo.

Mmoja anasema kwamba barabara ya mtaani kwake haina pembe ya kupita mtu: lami imekoma, mtaro umeanza. Akikimbilia kwenye lami, bodaboda inampita ubavuni. Akikimbilia pembeni, anaanguka mtaroni. Wa pili anasema kwamba alfajiri hapana taa, na jioni hapana nafasi, maana njia ya waendao kwa miguu imejaa magari yaliyoegeshwa. Wa tatu ni dada yetu. Yeye anasema kwamba alijaribu kukimbia nje kwa muda wa wiki mbili. Katika siku hizo aliitwa majina, alifuatwa na pikipiki, na mzee mmoja wa makamo, mtu wa kuheshimiwa mtaani, alimwuliza mbele za watu kama kwao hawana kazi za kumpa. Akaacha. Sasa analipa kila mwezi ili akimbie mahali ambapo hakuna mtu wa kumwambia neno.

Dada huyu tusimwambie kwamba kukimbia nje ni bora. Anajua. Aibu ya jambo hili si yake. Ni yetu sisi wanaume tuliokaa vijiweni, na ni ya wazazi ambao hatujawafundisha vijana wetu kwamba barabara ya umma ni ya umma wote, aliyevaa kanga na aliyevaa suruali ya mazoezi. Mwanamke asiyeweza kukimbia mtaani kwake kwa amani hajapewa mtaa wake. Vikundi vya mbio vya Temeke, Mbagala, Kinondoni na kwingineko, ambavyo kila Jumapili huingia barabarani kwa nyimbo na fulana za rangi moja, vimefanya kazi njema hapa, maana ndani ya kundi dada zetu hukimbia pasipo hofu. Zanzibar nako, kila tarehe 1 Januari, vikundi vya mazoezi huandamana katika siku yao maalumu, wake kwa waume, wazee kwa vijana. Lakini kundi hukutana mara moja kwa wiki, na mwili unahitaji zaidi. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2020 linamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa kadiri kila wiki, au 75 hadi 150 za mwendo wa nguvu. Siku nyingine sita dada huyu akimbilie wapi?

Na tukiacha barabara, twende kwenye viwanja. Kila mkaazi wa mji aliyefikia umri wa miaka arubaini anaweza kukutajia kiwanja alichochezea utotoni ambacho leo kina ukuta. Mahali pengine pamejengwa maduka, penginepo ukumbi wa sherehe, penginepo gereji, na mahali pengine pamezungushiwa mabati tu, hajulikani ni nani, na akiulizwa mjumbe husema ngoja nitauliza. Haya hayakutokea kwa siku moja, wala hayakutokea usiku. Yalitokea mchana kwa karatasi zenye mihuri. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema wazi kwamba ardhi ya Tanzania ni mali ya umma, na Rais ameikabidhiwa kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007 imeweka utaratibu wa kugawa miji na matumizi yake. Kiwanja cha wazi si shamba lililosahauliwa likingoja mwenye fedha. Kimeachwa wazi makusudi, na uwazi wake ndiyo kazi yake.

Wengine watatuambia kwamba mji unakua, watu ni wengi, ardhi ni ghali, na kwamba ukumbi mmoja wa mazoezi wenye mashine ishirini unatosha mahali ambapo zamani palihitajika kiwanja kizima. Hesabu hii inavutia, lakini ni ya udanganyifu. Mashine moja hubeba mtu mmoja kwa wakati mmoja. Ishirini hubeba watu ishirini. Kiwanja cha mpira cha kawaida jioni moja hubeba timu mbili, watoto hamsini pembezoni, mabibi wanaotembea kwa amri ya daktari, na mganga wa mbuzi akikatiza katikati. Kiwanja hakiharibiki injini. Umeme ukikatika, mkanda husimama, uwanja hausimami. Tena mashine moja nzuri huuzwa kwa mamilioni ya shilingi, na hununuliwa kwa fedha za kigeni, na mafundi wake ni wachache. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipotaja mambo manne yanayohitajiwa kwa maendeleo, ardhi ilikuwamo na fedha haikuwamo. Wako wanaodhani kwamba maneno yale yamepitwa na wakati. Na wakaitazame hesabu hii ya uwanja na mkanda, kisha watuambie.

Hatuwaonei kijicho walio na uwezo. Anayetaka kununua mashine na anunue. Mgonjwa wa goti aliyeambiwa na daktari atumie mkanda laini na autumie. Mlinzi wa usiku anayelala mchana na mama mwenye mtoto mchanga asiyeweza kumwacha peke yake nao wana haki yao. Tunachokikataa ni kwamba mashine iwe kisingizio. Tunakikataa hasa inapokuwa kisingizio cha watu waliokabidhiwa kazi ya kutunza mji. Kiongozi mwenye mkanda sebuleni hausikii mtaro wa mtaani. Diwani ambaye hajakanyaga kwa miguu barabara ya kata yake saa kumi na mbili asubuhi atajuaje kwamba taa tatu hazikuwaka tangu Pasaka? Mwishoni mwa mwaka 2016 ndugu Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, aliwataka wananchi waitumie Jumamosi ya pili ya kila mwezi kwa mazoezi, na viongozi wengi walitoka wakaonekana. Twapenda waonekane na siku ambazo hapana wapiga picha.

Wala hatusemi kwamba hakuna lililofanywa. Barabara ya Morogoro ilipojengwa upya kwa ajili ya mabasi ya mwendokasi yaliyoanza mwaka 2016, iliwekewa njia za waendao kwa miguu, na alfajiri utawaona watu wakizitumia. Daraja la Tanzanite lililofunguliwa mwaka 2022 limekuwa uwanja wa mazoezi pasipo mtu kutangaza, kwa sababu tu lina njia pana pembeni, taa na upepo wa bahari. Hii yaonyesha kwamba watu wetu si wavivu. Wakipewa mita mbili za njia salama, hukimbia. Lakini Tanzanite ni daraja la watu wa upande mmoja wa mji. Mtu wa Chanika au wa Bunju hawezi kupanda daladala mbili ili akakimbie kilomita tatu, kisha apande mbili nyingine arudi kuoga na kwenda kazini.

Kwa hiyo twaziomba halmashauri za miji na majiji zianze na jambo dogo lisilohitaji mkopo wa ng'ambo: zichapishe orodha ya viwanja vyote vya wazi vilivyomo katika ramani zake, mtaa kwa mtaa, na kuibandika katika ofisi za kata ambako kila mtu ataisoma. Kila kiwanja kilichosalia kipigwe mawe ya mipaka yenye kuonekana. Kilichochukuliwa kielezwe kilichukuliwaje, kwa kibali cha nani, na mwaka gani. Wahandisi wa barabara nao wasihesabu barabara kuwa imekwisha kabla njia ya miguu haijakwisha. Ni jambo la ajabu kwamba mahali pengi tunamjengea njia mwenye gari, na mwenye miguu, ambaye ndiye mwenye nchi kwa wingi, tunamwachia mfuniko wa mtaro uliovunjika. Walimu wakuu wasikubali uwanja wa shule umegwe kwa vibanda vya biashara, hata kama kodi yake yanunua chaki. Wafanyabiashara wadogo waliopanga bidhaa njiani wasipigwe wala kunyang'anywa; wapewe mahali penye wateja, ndipo njia itakapokuwa njia.

Na vikundi vya mbio vina wajibu wao. Wakimbie wakielekeana na magari, si kuyapa kisogo. Wavae mavazi yanayong'aa gizani. Wasifunge barabara nzima hata ambulensi ikakosa pa kupita, kama ambavyo tumeona zaidi ya mara moja. Pia wangefanya jambo jema sana kama kila kundi lingejichagulia kiwanja kimoja mtaani kwao, likawa linakifagia na kukilinda.

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, na makadirio ya halmashauri hutayarishwa miezi mingi kabla ya hapo. Huo ndio wakati wa mawe ya mipaka na taa kuingia katika vitabu. Mwananchi anayelalamika juu ya mkanda au juu ya lami aende kwenye mkutano wa mtaa wake, asimame, aulize kiwanja cha mtaa ni kipi katika ramani, mipaka yake iko wapi, na ni nani aliyeujenga ule ukuta. Akijibiwa kwamba ramani haipo, aombe jibu hilo liandikwe katika kumbukumbu za mkutano.